Chapa Isiyogeuka

Nilitumwa mafuta ya taa.

Lita mbili, kwenye dumu lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia, pamoja na matambara ya kufutia wino. Mtu mzima, miaka hamsini na mbili, mshereheshaji anayejulikana kuanzia Mawenzi mpaka Sanya Juu. Nimechekesha maharusi, nimechekesha wafiwa, nimemchekesha hata paroko siku aliyong'olewa jino. Leo natumwa mafuta ya taa kama mtoto wa darasa la pili! Nikacheka mwenyewe. Nikawasha kirikuu yangu ya kubebea spika, nikapanda Kibosho.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba, jua linaaga. Anayeijua Kibosho anaujua ukungu wa mwezi wa saba. Haupiti. Unakuja kama mgeni wa ukweni, unakaa, unasubiri chai.

Aliyenituma ni Tereza, mke wa mdogo wangu Fabian. Kwenye simu alinong'ona.

"Shemeji, leta mafuta ya taa. Na ukifika... mtazame mdogo wako. Mimi sisemi kitu. Mtazame wewe uliyekua naye."

Akakata.

Sasa nikueleze habari za Tereza, kwa sababu siku ile nilikuwa napanda mlima na mambo mawili: mafuta ya taa mkononi, na Tereza kooni.

Fabian ni kitindamimba wetu, mimi ni mkubwa wa nyumba. Miaka ya nyuma alikwenda kusini, Mtwara huko, kupaka rangi majengo. Akapotelea sehemu ambayo bahari imeitafuna nchi kavu mpaka yamebaki majabali ya matumbawe yenye meno. Hakuna mchanga wa kupigia picha. Ni mawe meusi, mapango, na maji yanayojigonga kichwa mchana kutwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa huko anayechonga majabali hayo kwenye ubao, anapaka wino, analaza karatasi juu, anakandamiza, anatoa picha. Akamfundisha Fabian. Fabian akarudi na vitu viwili: mkoba wa patasi, na Tereza.

Tangu hapo hachongi kingine. Mtu amezaliwa chini ya mlima ambao wazungu wanakata tiketi ya ndege kuja kuupanda, yeye anachonga mawe ya Mtwara! Nilimtania hivyo mpaka nikachoka. Picha zake zilinunuliwa, wageni walizipenda, tukasema basi, kila mtu na wazimu wake.

Lakini miezi mitatu ile alianza kubadilika. Haji misani. Hashuki sokoni. Jirani alimwona anachota maji kwa mkono wa kushoto, mtu ambaye hajawahi kuutumia mkono huo hata kujikunia. Shangazi yetu Elisifa, mdogo wa marehemu baba, akaniita nyumbani kwake.

"Yule mwanamke hakuja peke yake," akasema.

"Alikuja na nani, Shangazi?"

"Na bahari."

"Shangazi, bahari haipandi gari."

"Cheka tu, Evaristo. Wewe cheka. Mdogo wako anaisha."

Ukoo ulikuwa umeshaamua. Mimi nimteremshe Fabian mjini, akae kwangu. Tereza apewe nauli arudi kwao. Kwa hiyo ndiyo maana nakwambia nilikuwa na mambo mawili. Nilikwenda kumnyang'anya mke mume wake, na nimemletea mafuta ya taa.

Nikaegesha juu ya kihamba, shamba letu la ukoo, nikashuka kwa miguu kati ya migomba. Ukungu umeshika kila jani. Ndipo nikasikia.

Shhhaaa...

Kimya.

Shhhaaa...

Nikajiambia, mfereji huo. Halafu nikakumbuka kuwa mfereji wa kwetu huu ni mwaka wa pili haujaona maji.

Halafu harufu. Mimi nimesomea jukwaa pwani, nimekaa huko miaka minne, naijua harufu ya bahari maji yakitoka. Mwani. Chumvi. Samaki aliyesahauliwa juani. Harufu ile ilikuwa imelala katikati ya migomba na mibuni, Kibosho, mahali ambapo samaki pekee tunayemjua ni dagaa wa kwenye mfuko.

Nikatembea haraka. Sikukimbia. Mtu wa kimo changu na tumbo langu akikimbia, watu wanadhani kuna moto.

Tereza alikuwa amesimama uani, kanga begani, tochi ya simu imeelekezwa chini. Mbele yake kulikuwa na mstari mweupe ardhini, kutoka mlango wa nyumba mpaka banda la zamani la kahawa. Chumvi. Chumvi ya mawe, imemwagwa kama mtu anayechora uwanja wa mpira.

Moyoni nikasema, ndiyo hii. Shangazi hakukosea.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hii ni ya nini?"

"Ya kuona nani anapita."

"Umemwona nani?"

Akatazama banda. Akanisogelea. "Kila asubuhi naona nyayo zinaingia bandani. Za miguu mitupu. Sijawahi kuona zinazotoka."

Nikamtazama usoni. Uso wa mtu asiyelala. Lakini mchawi naye halali, si ndiyo? Nikamkabidhi matambara, dumu nikabaki nalo, kama vile lita mbili za mafuta ya taa zingenilinda.

Kutoka bandani sauti ilikuwa inakuja.

Kwaru... kwaru... kwaru...

"Anakandamiza," Tereza akasema. "Tangu asubuhi."

Fabian hana mashine ya kuchapia. Anatumia mwiko wa marehemu mama. Anaulaza ubao chali, yaani upande uliochongwa juu, anapaka wino kwa rola, anaweka karatasi, kisha anasugua mgongo wa karatasi kwa mwiko, taratibu, kila kona, mpaka picha ishike. Nikasukuma mlango. Karabai inawaka. Karatasi zimening'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, majabali meusi kila upande. Fabian amenipa mgongo.

"Shikamoo, kaka," akasema kabla hajageuka.

"Marahaba, fundi. Nimeleta mafuta."

"Umeyaleta yote, au mengine umekunywa njiani?"

Nilicheka sana. Nilicheka kupita kipimo cha utani wenyewe. Kuna sababu, nitaifikia.

Akageuka, akaninyooshea mkono.

Wa kushoto.

Kwetu hata mlevi hampi kaka yake mkono wa kushoto. Nikaushika hivyohivyo. Ulikuwa baridi na umekunjamana vidoleni, kama mkono wa mtu aliyefua nguo tangu alfajiri. Nikamwinulia uso kwenye mwanga.

Fabian ana kovu juu ya jicho. Nilimtia mimi. Alikuwa darasa la pili, mimi nakata majani ya ng'ombe, yeye akaja kunitisha kwa nyuma, nikageuka na panga. Nilichapwa kwa ajili ya kovu lile. Nililia kumzidi yeye mwenye jeraha. Kwa hiyo usinieleze kovu lile liko wapi. Liko juu ya jicho la kushoto.

Nililiona juu ya jicho la kulia.

Sasa utasema nilichanganya, maana mkiangaliana kushoto kwake ni kulia kwako. Baba, mimi ni mtu wa jukwaa! Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba kushoto kwa mwigizaji si kushoto kwa mtazamaji. Nimekosea mengi, nimewahi kumwita bibi harusi kwa jina la dada yake, lakini kushoto na kulia sijawahi. Hata hivyo nikazunguka, nikasimama sambamba naye, bega kwa bega, nikapeleka mkono.

Kulia.

"Kaka, mbona unanipapasa kama mbuzi wa mnadani?"

"Nakumbatia ndugu yangu," nikasema, nikamvuta kifuani.

Nikasikiliza.

Moyo wake ulikuwa unapiga upande wa kulia.

Nilisema nakwenda kunawa. Tereza alikuwa ananisubiri jikoni, ameshatoa karatasi saba chini ya gunia la mahindi, amezipanga sakafuni. Hakuniuliza nimeona nini. Aliniona uso.

"Shemeji, unaujua muhuri wa parokia?"

"Naujua."

"Ule mpira wa muhuri, maandishi yamechongwa kinyume. Ukigonga kwenye karatasi yanasomeka sawa. Si ndiyo? Na kazi hii ni hivyohivyo. Kilicho kushoto kwenye ubao, kwenye karatasi kinakwenda kulia. Haina fundi wala mwanafunzi. Lazima igeuke."

"Haya."

"Kwenye ubao huu, pango liko kushoto. Tazama chapa ya kwanza."

Pango lilikuwa kulia.

"Ya pili."

Kulia.

"Ya tatu."

Nikainama. Nikainua karatasi. Pango lilikuwa kushoto. Ya nne, kushoto. Ya tano, ya sita, ya saba... kushoto, kushoto, kushoto. Zimekaa vilevile kama ilivyo kwenye ubao, kama vile mtu amekaa ndani ya mbao na kupiga picha akiwa kulekule.

"Karatasi imekataa kugeuka," Tereza akanong'ona. "Na katika kazi hii ukikandamiza, lazima kitu kigeuke. Ilipofika ya tatu, akaanza kushika kijiko kwa kushoto. Ya tano, kovu. Ya sita, moyo. Nalala kifuani kwake, shemeji. Nilijua usiku uleule."

Kwaru... kwaru... Ilikuwa ya nane.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Shangazi Elisifa?" Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea. "Najua umekuja kunifukuza. Sawa. Lakini kabla hujanifukuza nijibu. Ule ubao ni wa mti gani?"

"Mringaringa."

"Ulikuwa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba, kwenye masale. Kwetu masale yanapandwa mipakani na kwenye makaburi, na katikati ya yale analala babu yetu. Mringaringa ule, mti wa tangu kabla ya uhuru, ulikuwa umesimama kichwani kwake. Mwaka jana Fabian aliuomba kwa ajili ya mbao pana.

"Nani aliomba kwa mwenyewe?"

"Tereza, haya ni mambo ya huku, wewe..."

"Kwetu pia mti wa kaburini haukatwi bila kuombwa. Mnadhani nyie peke yenu ndio mna babu?"

Nikatoa utani fulani. Siukumbuki.

"Shemeji," akasema, "leo usinichekeshe."

Basi nikasema. Sijawahi kumwambia mtu, na sasa nakwambia na wewe. Mti wa namna ile, mkubwa wa nyumba anakwenda alfajiri, peke yake, na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Anamimina kwenye shina, anasema, Babu, mjukuu wako anahitaji mti huu, tumekuja kwa wema, usitukasirikie. Anarudi, mafundi wanaanza. Sisi ni Wakatoliki tangu mmisionari wa kwanza, lakini Babu ni Babu. Nikapewa kata iliyojaa. Nilikuwa nimetoka kwenye harusi, sijalala, nina kiu. Na mbege ilikuwa nzuri...

Nikainywa.

Yote. Nimesimama kichwani kwa babu yangu. Nikarudi nyumbani nikipangusa midomo, nikawaambia, "Babu amekubali, na amesema kinywaji kimekolea." Watu wakacheka. Fabian naye akachukua msumeno.

Tereza hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

"Nenda," akasema. "Kabla hajainua hiyo karatasi."

Kwa jirani muuza mbege nilipewa lita nzima kwenye chupa ya soda. Nikachuma jani la isale. Kwetu ukimkosea mtu ukampelekea jani lile, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Giza lilikuwa linaingia, ukungu umegeuka wa bluu. Kisiki cha mringaringa kilikuwa kipana kama meza ya kadi za mchango. Nikapiga magoti. Suruali ikalowa.

Nimeongea mbele ya watu elfu mbili bila karatasi. Pale nilishindwa hata kuanza.

"Babu... ni mimi, Evaristo. Nilikunywa haki yako. Nikasema uongo kwa jina lako. Mdogo wangu hana kosa. Naomba umwachie."

Nikaweka jani. Nikamimina.

Udongo ulikunywa. Sisemi mbege ilizama. Nasema ulikunywa. Nilisikia koo. Gubu... gubu... gubu...

Kisha sauti, kutoka kwenye mizizi, Kichagga cha zamani, taratibu, kila neno limekamilika.

"Hii ni ya leo. Na ile?"

Nywele zilinisimama. Sina nyingi, lakini zilizopo zilisimama.

"Ile... nilikunywa, Babu."

Shhhaaa... mbali, kati ya migomba. Shhhaaa... karibu zaidi.

"Aliyekunywa," ikasema, "ndiye akandamize."

Sikungoja neno la pili. Nilikimbia. Na moto haukuwepo.

Tereza alikuwa mlangoni mwa banda. Nikamweleza nikihema. Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Ilileta maana. Mimi ndiye niliyesimama mahali pa kuomba na sikuomba. Basi nisimame mahali pa kukandamiza. Nani angekataa? Tukaingia wote.

Fabian alikuwa ameibandua ile ya nane kabla haijashika, ameshapaka wino upya. Karatasi safi imelala juu ya ubao, bado haijasuguliwa. Nikanyoosha mkono nikachukua mwiko.

Akanishika mkono wa shati kwa ule mkono wake wa kushoto.

"Kaka, usikandamize."

"Tulia, mdogo wangu."

"Usikandamize. Nakuomba."

Alikuwa analia. Machozi ya kweli, kamasi za kweli, kama siku ile ya panga.

"Nani anasema?" Tereza akauliza kwa nyuma yangu, polepole sana.

"Mimi, Tere. Ni mimi."

Tereza akapeleka mkono mdomoni. Mimi nikasema moyoni, ndivyo mapepo yanavyofanya. Kitu kikikaribia kutolewa, kinalia kwa sauti ya mwenyewe. Sote tumeona kwenye maombi. Nikajitoa mkononi mwake.

Nikakandamiza.

Kwaru.

Karabai ikayumba.

Kwaru. Kwaru.

Shhhaaa ikaja, haikuja kutoka nje, ilikuja kutoka chini ya karatasi. Nilihisi maji baridi yakinipanda vifundoni. Sikutazama chini. Nilisugua pango. Nilisugua majabali. Nilisugua kona zote nne nikisali Salamu Maria kwa kupitiliza mistari. Nyuma yangu mtu alianguka.

Nikavuta karatasi.

Pango lilikuwa kulia.

Imegeuka! Harufu ikakatika kama taa. Nje, vyura wakaanza. Fabian amelala sakafuni, pakavu kabisa, Tereza amempakata kichwa. Nikapiga magoti, nikamfuta uso. Kovu liko juu ya jicho la kushoto. Nikalaza sikio kifuani. Kushoto, pu, pu, pu, kama ngoma ya kanisani. Nililia mbele ya shemeji yangu bila aibu. Saa mbili usiku ilitukuta jikoni, Fabian anakula mtori bakuli la tatu, kwa mkono wa kulia.

Ningeweza kuishia hapo. Ukumbini ningeishia hapo, nipigiwe makofi.

Lakini alipomaliza bakuli, Fabian alipangusa mdomo akauliza, kama mtu anayeulizia mvua.

"Na yule mwingine?"

"Yupi?"

"Aliyekuwa hapa, mimi nikiwa kule kwenye majabali. Tumepishana pangoni. Alikuwa analia." Akacheka kidogo. "Anasema ndiye Fabian. Mwongo yule, kaka. Mchome, ataacha."

Tereza aliweka kijiko chini. Hakukishika tena.

Jumatano nilimleta Shangazi Elisifa. Akamtazama Fabian, akamgeuza, akamsifu Mungu, akamwomba Tereza radhi mbele yangu, na Shangazi hajawahi kumwomba mtu radhi tangu tuzaliwe. Alhamisi Fabian akashuka sokoni. Ijumaa akapanda na mimi kwenye kirikuu, nikampigia utani njia nzima, akacheka. Aliucheka wote. Hata ule wa paroko na jino. Mdogo wangu hajawahi kucheka utani wangu tangu alipojua kuongea. Alikuwa anasema mimi ni mzigo ambao Moshi imeubeba kwa hisani. Nikamtazama pembeni. Anacheka, meno yote, mahali panapotakiwa.

Jioni ile Tereza alinipigia simu.

"Ana kila kitu mahali pake, shemeji," akanong'ona. "Ananiita Tereza."

"Si jina lako?"

"Hajawahi kuniita jina zima. Analitamka kama anasoma kitambulisho."

Sikulala. Na katika kutolala huko nikakumbuka jambo ambalo ningepaswa kulikumbuka nikiwa nimepiga magoti kwenye kisiki. Babu yetu alikuwa na kigugumizi. Kikali. Neno "mbege" lilimchukua dakika nzima, ndiyo maana alipewa kabla hajaomba. Nilianza uchekeshaji kwa kumwigiza yeye. Na ile sauti ya kwenye mizizi haikukwama hata herufi moja.

Basi nani alikuwa anakunywa?

Jumapili, baada ya misa ya pili, ukoo ukakaa uani. Watu kama thelathini, viti vya plastiki, ukungu umechelewa siku hiyo, mlima uko wazi juu yetu kama umekuja kusikiliza. Neno lilikuwa moja: ubao ule uchomwe, mambo yaishe. Wazee wote wakaunga mkono. Aliyeunga mkono kuliko wote ni Fabian. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo, amepasua kuni, amezipanga vizuri katikati ya ua, amenyunyizia yale mafuta ya taa.

Kilichokosekana ni ubao.

Tereza alikuwa ameutoa bandani, ameuweka chini karibu na ukuta, na ameukalia. Kanga imeufunika. Mikono ameipitisha pembeni, ameushika kama mtu aliyepanda boti.

"Inuka, mama," Shangazi Elisifa akamwambia kwa upole. "Yameisha."

Hakuinuka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Evaristo," Shangazi akasema. "Wewe ndiye mkubwa. Sema neno, tuwashe."

Kila uso ukanigeukia. Maisha yangu yote nimezililia nyuso namna hiyo, zimenyamaza, zinasubiri nifungue mdomo. Nikamwendea Tereza, nikainama kama mtu wa kumbembeleza.

"Shemeji," akanong'ona, midomo haitikisiki. "Lete mkono."

Nikapitisha kiganja chini ya kanga. Nikagusa mbao, pale kwenye pango. Asubuhi ya mwezi wa saba, Kibosho, ubao umelala nje kwenye umande.

Ulikuwa na joto. Joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Kaka," Fabian akaniita kwa nyuma. Sauti tamu, ya heshima. "Sema basi."

Nilikuwa nimemkandamiza mtu aliyenililia. Kwa mwiko wa mama yetu. Au nilimwokoa mdogo wangu na sasa nadanganywa na kipande cha mti kilichopata joto kwa kukaliwa. Moja kati ya hayo. Sijui lipi, na aliyejua hawezi kuongea.

Sikusema ndiyo. Nikakunja magoti yangu ya miaka hamsini na mbili, nikakaa kando ya Tereza, juu ya ubao.

Minong'ono ikaanza. Shangazi akasimama. Mtu akasema nimerogwa na mimi.

Fabian alikuwa amesimama mbele ya kuni zake, kovu mahali pake, anatabasamu. Akatoa njiti ya kiberiti, akaikwaruza kwa mkono wa kulia, akaishika wima mbele ya uso wake, akinitazama. Moto ukashuka kwenye njiti. Ukafika kwenye kucha. Ukafika kwenye nyama, niliisikia harufu.

Hakuiachia. Hakupepesa jicho.

Ilipozimika, akatoa ya pili.